Damu Kuganda, Mwili Kujishambulia: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Tafsiri

Miezi michache iliyopita ililetwa mezani kwangu, ili istilahi zake zikaguliwe, rasimu ya kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya shule za sekondari na madarasa ya elimu ya watu wazima. Kijitabu hicho kinasimulia kazi za watafiti wawili wa magonjwa ya damu. Wa kwanza ni Graham Hughes, daktari Mwingereza, ambaye mwaka 1983, akiwa katika Hospitali ya Hammersmith mjini London, alieleza maradhi ambayo ndani yake kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kuifanya damu yake igande mahali pasipo na jeraha lolote. Wa pili ni Profesa Julie Makani, Mtanzania aliyesomea udaktari Muhimbili na kuhitimu mwaka 1994. Yeye naye alipita Hammersmith, akapata stashahada yake ya tiba mwaka 1997, wakati Hughes alikuwa amekwisha kuhamia Hospitali ya St Thomas' tangu 1985. Kisha alikwenda Oxford, na baadaye akarejea Upanga kuutafiti ugonjwa ambao wakazi wengi wa Dar es Salaam huuita sikoseli.

Sitamtaja mfasiri, wala ofisi iliyomtuma. Ni mtu makini, na Kiswahili chake kinatiririka. Tena amejitahidi kuliko wengi: kila nomino ya kitaalamu ameitafutia mwenziwe, na mahali alipokosa ameitohoa kwa utaratibu unaokubalika. Kwa nomino, rasimu hii ingepita. Imekwama kwenye vitenzi. Na kwa kuwa jambo hili nimeliona katika tafsiri nyingine za tiba zilizopita mikononi mwangu, naona yafaa liwekwe wazi mbele ya wafasiri wenzangu, walimu, na watumishi wa umma ambao aghalabu ndio wanaosambaza vijitabu vya namna hii.

Nianze na kosa zito kuliko yote. Miongoni mwa dalili za maradhi aliyoyaeleza Hughes ni mimba kuharibika mara kwa mara, kwa sababu damu huganda katika mishipa ya kondo na mtoto hukosa lishe. Rasimu inasema hivi: maradhi haya huonekana kwa “wanawake waliotoa mimba mara nyingi”. Mfasiri alikusudia “waliotokwa na mimba”. Tofauti ya maneno haya mawili ni ndogo mno kwa jicho la mpiga chapa, lakini kutoa mimba ni tendo la mtu mwenye nia, na kwa sheria zetu ni kosa la jinai isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Kutokwa na mimba ni jambo linalomfika mtu. Mama aliyekwisha kuzika matumaini mara nne angelisoma kijitabu cha serikali kinachomwambia kwamba aliyafanya mwenyewe. Na mume wake angelikisoma pia. Hughes na wenziwe walionyesha kwamba aspirini, pamoja na dawa za kuzuia damu isigande, zinaweza kuwasaidia wengi wa kina mama hao wajifungue salama. Ni nani kati yao angelifika hospitali kuuliza habari za dawa hizo baada ya kusoma sentensi ile?

Mfasiri alipoonyeshwa alishtuka, akasahihisha papo hapo. Hilo limekwisha.

Lililotuchukua muda mrefu zaidi ni kitenzi “kuganda”. Katika rasimu kitenzi hiki kinafanya kazi tatu. Damu ya mtu aliyejikata kisu “inaganda”. Donge linaloziba mshipa wa mguu ni “damu iliyoganda”. Na maumivu ya mgonjwa wa selimundu yanatokana na “damu kuganda mifupani”. Mfasiri alijitetea kwamba ndivyo wananchi wasemavyo. Basi nikaona ni heri niende kuwasikiliza wananchi wenyewe. Kutoka lango la Muhimbili hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu tu: unaifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa hadi Faya, unavuka Barabara ya Morogoro, unashika Mtaa wa Msimbazi, na umefika.

Mama mmoja auzaye maziwa mgando karibu na Mtaa wa Kongo nilimwamkia, nikamwuliza anaelewa nini akisikia kwamba fulani ameambiwa damu imeganda mguuni. Alinijibu bila kusita: “Imekuwa kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, mwanangu. Yatakiwa ipashwe moto.” Kijana mchukuzi aliyekuwa amepumzika juu ya mkokoteni wake aliongeza kwamba mguu ukandwe kwa maji ya moto, tena na mtu mwenye mkono mzito.

Majibu haya si ya ujinga. Yanafuata barabara maana ya neno. Katika Kiswahili, kinachoganda kwa kawaida huyeyuka: mafuta huganda na kuyeyuka, barafu vilevile, samli vilevile. Basi aliyeambiwa damu imeganda, akamtafuta mkandaji, amefuata lugha aliyopewa. Lakini donge la damu lililokaa katika mshipa wa ndani wa mguu likisuguliwa huweza kung'oka, likasafiri na damu hadi mapafuni, na mtu akafa katika muda mfupi. Hapa neno linaweza kuua.

Nimependekeza kazi hizo tatu zigawanywe. “Kuganda” kubaki kwa tendo la asili linalozuia damu isitoke kwenye jeraha, ambalo ni jema. Palipo na ugonjwa, tutaje kitu na tendo lake: donge la damu limeziba mshipa, donge limeng'oka, donge limesafiri. “Donge” kila mtu analijua, wala halina dhana ya kuyeyuka. Donge la ugali haliyeyuki hata ukilipasha moto. Kwa ugonjwa wa selimundu, tuache kuganda kabisa katika maelezo ya mwanzo. Chembe nyekundu ya kawaida ni mviringo uliobonyea katikati, laini, ipitayo hata katika vishipa vyembamba sana, na huishi siku 120 hivi. Chembe ya selimundu ikipungukiwa na oksijeni hupinda na kukakamaa, hunata kwenye kuta za mishipa, na huziba njia. Maisha yake ni siku 10 hadi 20. Ni kweli kwamba katika ugonjwa huu damu pia huelekea kuganda kupita kiasi, na watoto wengine hupata kiharusi. Lakini maumivu yale ya mifupa huanza kwa kuziba. Yule kijana wa mkokoteni alipoelezwa hivyo alicheka na kuonyesha kidole mtaani, ambako mkokoteni mmoja ulikuwa umekwama kati ya magunia na watu wote nyuma yake wamesimama. Sikuhitaji kumwongezea kitu.

(Neno “mshipa” nalo lina mambo yake. Kwa baadhi yetu ni njia ya damu, kwa wengine ni neva, kwa wengine ni ngiri. Nimeliacha kwa sasa, kwa sababu hakuna awezaye kupigana vita vyote kwa siku moja.)

Kutoka hapo tunafika kwenye dawa. Rasimu inaziita heparini na warfarini “dawa za kuyeyusha damu” ukurasa mmoja, na “dawa za kufanya damu iwe nyepesi” ukurasa wa pili. Dawa hizi haziyeyushi; zinazuia donge lisifanyike au lisikue. Zipo dawa nyingine zenye kuyeyusha madonge kweli, nazo hutolewa hospitalini kwa uangalifu mkubwa. Kama neno tumekwisha kulitumia kwa warfarini, hizo tutaziita nini? Ama “damu nyepesi”, mwananchi wa kawaida huielewa kuwa ni damu pungufu, damu iliyokwisha nguvu. Ataitafutia tiba aijuayo: juisi ya choya, matembele, mchicha kwa wingi. Mboga za majani mabichi zina vitamini K nyingi, na mgonjwa akizizidisha kwa ghafula, nguvu ya warfarini hupungua. Yaani jina la dawa linamfundisha mgonjwa jinsi ya kuivunja. “Dawa ya kuzuia damu isigande” ni ndefu, nakubali, lakini haina mtego.

Hughes mwenyewe, alipozungumza na wagonjwa, alipenda kutumia maneno mepesi ya Kiingereza yenye maana ya damu inayonata. Mfasiri ameandika “damu nzito”. Kwetu damu nzito ni udugu. “Damu yenye kunata” ingelitosha, nayo ingelimbakizia mtafiti huyu sifa yake ya kusema na watu wa kawaida kwa lugha yao.

Sasa nafika kwenye neno “kinga”, na hapa naomba radhi kwa kuingiza habari ya nyumbani. Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi katika chumba cha kupanga nyuma ya Mtaa wa Swahili, aliumwa viungo na kupata vipele usoni kwa muda mrefu. Katika hospitali moja, ambayo haina haja ya kutajwa, aliambiwa: “Mama, una ugonjwa wa kinga.” Akapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Hakurudi. Alivifunga vile vidonge katika kitambaa, akavitia chini ya godoro, na kwa muda wa miezi mitatu hakula sahani moja na wajukuu zake. Tulipokuja kujua, figo zilikuwa zimekwisha kuguswa. Ugonjwa wake ulikuwa lupasi, ambao ni miongoni mwa magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili. Yeye alikuwa amesikia UKIMWI.

Wala huwezi kumlaumu. Tangu miaka ya 1980, taifa zima limefundishwa kwa redio, kwa mabango na kwa nyimbo kwamba ugonjwa wa kinga ni mmoja tu, na jina lake limejengwa kwa neno hilo hilo: Upungufu wa Kinga Mwilini. Neno “kinga” limekwisha kumilikiwa. Rasimu yetu inaiita jamii nzima ya magonjwa ya kina lupasi na yale ya Hughes “magonjwa ya kinga”. Kwa kamusi ni sahihi. Kwa msomaji ni hukumu.

Kuna waliopendekeza “magonjwa ya kinga kujishambulia”. Ni hatua njema, ila ina kasoro ya kisarufi yenye kubadili maana. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe: aliyejikata amekata mwili wake. Ukisema kinga inajishambulia, umesema kinga inaishambulia kinga, na msikilizaji atatoka na picha ya kinga inayokwisha, yaani pale pale kwenye UKIMWI. Kumbe katika magonjwa haya kinga ina nguvu, hata zaidi ya inavyotakiwa. Inayoshambuliwa ni viungo. Mwenye kujishambulia ni mwili. Kwa hiyo nimependekeza “magonjwa ya mwili kujishambulia”, na neno kinga litajwe baadaye, katika maelezo, baada ya msomaji kujua kuwa si ule ugonjwa anaouogopa. Kitenzi chetu chenyewe, kwa silabi moja, kinabeba wazo ambalo lugha nyingine huliundia neno zima kutoka Kigiriki na Kilatini. Ni ajabu kwamba tunaiacha silabi hiyo na kwenda kutafuta nomino.

Sehemu ya pili ya kijitabu, inayohusu kazi ya Profesa Makani, ni bora kuliko ya kwanza, lakini inaanza vibaya. Inasema mtafiti huyu “aligundua ugonjwa wa selimundu nchini”. Hakugundua, wala hajapata kudai hivyo. Chembe zenye umbo la mundu zilielezwa kwa mara ya kwanza na James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe walionyesha kwamba chanzo ni hemoglobini iliyo tofauti. Na mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitumia vipimo vya damu vya watu wa Afrika Mashariki kuonyesha kuwa mwenye kurithi chembe hizo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Wafasiri wetu wana desturi ya kumpa kila mtafiti kitenzi “kugundua”, kana kwamba pasipo ugunduzi hakuna kazi.

Kitenzi kinachomstahili kipo, nacho ni “kufuatilia”. Baada ya kupata ufadhili wa mfuko wa Wellcome mwaka 2003, alianzisha Muhimbili, pamoja na wenzake, utaratibu wa kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwatazama mwaka hata mwaka. Kati ya 2004 na 2009 waliandikishwa wagonjwa 1,725. Utafiti wa namna hii haukuwa umefanyika kwa kipimo hicho katika sehemu nyingi za Afrika, ingawa ndiko wanakozaliwa wengi wa watoto wenye ugonjwa huu. Mwaka 2011 alitunukiwa tuzo ya Pfizer ya Royal Society ya Uingereza. Ukitaka kuieleza kazi hiyo kwa neno moja, angalia jinsi kitenzi kilivyojengwa: fuata, fuatia, fuatilia. Kila kiambishi kinaongeza mwendo na subira.

Mfasiri ameiita orodha ya wagonjwa hao “kikosi”. Nimeona alikolipata: kamusi ya Kiingereza inaanza na maana ya askari wa Kirumi. Lakini wagonjwa 1,725 wa kliniki si kikosi. “Kundi la ufuatiliaji” linatosha.

Kosa la hesabu ni baya zaidi, na linatokana na neno dogo lililoachwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalisema kuwa kiwango cha vifo kilikuwa 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, na kwa watoto walio chini ya miaka 5 kilikuwa 7.3. Maana yake, ukiwafuatilia watoto 100 wa umri huo kwa mwaka mmoja, saba hivi watafariki katika mwaka huo. Mwaka unaofuata hesabu inaanza upya kwa waliobaki. Rasimu inasema “watoto 7 kati ya 100 hufa”, basi. Mama akisoma hivyo ataona kwamba 93 wanafika utu uzima. Mtumishi anayepanga fedha za kupima watoto wachanga, au za penisilini ya kuwakinga na maambukizo, ataona kwamba hali si mbaya sana. Neno “mwaka” likidondoka, watoto wengi wanadondoka nalo. Mfasiri alisema “miaka ya ufuatiliaji” itawachosha wasomaji. Nimemwomba aiache iwachoshe.

Kuhusu jina la ugonjwa wenyewe, rasimu inachanganya “selimundu” na “sikoseli”, na mfasiri ameuliza ashike lipi. Hapa hoja za pande zote mbili zina uzito. Wanaotetea sikoseli husema kwamba wagonjwa wenyewe hulitumia, na kwamba lugha yetu haijapata kuumwa na maneno ya kigeni. Ushahidi wao ni mzuri: Kariakoo yenyewe ni Kiingereza kilichovaa msuli, jina la kikosi cha wachukuzi wa mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na leo hakuna anayelisikia kuwa geni. Lakini jina la mtaa halina wajibu wa kueleza. Linaonyesha mahali tu. Jina la ugonjwa wa kurithi litasomwa na watu wanaotaka kujua mtoto wao ana nini. “Sikoseli” kwa Kiswahili halisemi kitu, au linasema kitu cha kuchekesha: siko. “Selimundu” limeungwa kama askarikanzu na mbwamwitu, na ndani yake umbo linaonekana. Ni kweli kwamba mtoto wa Kariakoo huenda hajapata kushika mundu. Mwalimu na amchoree ubaoni. Kwa maandishi, basi, nimeshika selimundu, na sikoseli nikaiweka mara moja mwanzoni ili msomaji ajue ni ugonjwa ule ule. Lakini mwuguzi asimsahihishe mama anayesema sikoseli. Mama yule hakuja kliniki kujifunza istilahi.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jawabu. Mtu aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa lakini anayeweza kumrithisha mtoto, ataitwaje? Rasimu inamwita “mgonjwa nusu”. Halifai: si mgonjwa, na katika shughuli za posa neno hilo litavunja ndoa nyingi kabla daktari hajaulizwa. Mfasiri ametia chumvi zaidi kwa kuandika kwamba wazazi wawili wa namna hiyo “katika watoto wanne, mmoja ataugua”. Ukweli ni kwamba kila mimba, ya kwanza hata ya tano, ina uwezekano wa moja katika nne. Familia yaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo au isipate hata mmoja. “Ataugua” limebadilishwa kuwa “aweza kuugua”, na maneno “katika kila mimba” yameongezwa.

Kwa jina la mtu huyo, wenzangu wengine wanapendelea “mbebaji”. Nami nilipendekeza “mchukuzi”, ambalo ni neno la heshima Kariakoo na lina historia yake hapo, lakini mwenzangu mmoja ameniambia kwamba mchukuzi hulipwa na hutua mzigo jioni, na huyu hawezi kuutua. Sina jibu la hoja hiyo. Rasimu itarudi kwa mfasiri mwishoni mwa mwezi ujao. Wasomaji wenye neno lililo bora, hasa walimu wa biolojia na wauguzi wa kliniki za watoto, wanaombwa waliandikie Baraza kabla ya hapo, pamoja na mfano wa sentensi ambayo wamelisikia likitumika.